Kodi Ikizidi Hukimbiwa

Watu wengi hudhani ya kuwa Serikali ikitaka mapato mara mbili, haina kazi ila kupandisha kodi mara mbili. Hesabu hiyo yapendeza ubaoni, lakini yasahau kwamba anayetozwa ni mtu, naye aweza kugeuza njia. Hata kodi ya kichwa ya wakoloni, ingawa kichwa si kitu cha kufichika, wako waliolala porini ili kuikwepa.

Mfano wa karibu tunao. Mwezi wa Julai 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kutoza tozo fedha zinazotumwa na kutolewa kwa simu, tangu shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, kwa kadiri ya kiasi chenyewe. Nia ilikuwa njema: madarasa na vituo vya afya. Nani atayapinga hayo? Lakini tozo hiyo haikuangalia faida ya mtu. Iliangalia fedha inayopita tu, hata kama ni ya dawa ya mama mgonjwa. Mwana alitozwa alipotuma, mama akatozwa alipotoa. Basi wengi wakarudia noti. Na noti iliyofungwa katika bahasha, ikakabidhiwa kondakta wa basi, hailipi tozo yo yote, wala haimpi wakala kamisheni yake. Na Hazina hukosa hata zile kodi za awali zilizokuwamo ndani ya ada ya kampuni ya simu. Serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30 Septemba 2021, ikapunguza tena mwaka 2022. Twaona ilitenda kwa busara.

Hata hivyo, asitokee mtu kusema ya kwamba kila kodi ikishushwa Hazina itajaa yenyewe. Jimbo la Kansas, huko Marekani, lilijaribu hivyo mwaka 2012. Kodi ya mapato ilipunguzwa, na wenye biashara wengi wakasamehewa kabisa kodi ya jimbo juu ya faida yao. Gavana Sam Brownback aliahidi ustawi mkubwa. Ustawi ule haukuonekana, mapato yakaanguka, shule na barabara zikabanwa, hata mwaka 2017 wabunge wa jimbo wakazipandisha kodi tena, ijapokuwa Gavana alikuwa amepiga kura ya turufu. Kabla ya kushushwa, kiwango cha juu kabisa kilikuwa asilimia 6.45: si kodi ya kumlaza mtu porini.