Programu Iliyokuja na Kompyuta Inapokataa Kuondoka

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea kompyuta mpakato yake hapa Majengo, Songea, akiwa na mitihani ya darasa la sita nusu imeandikwa. "Kaka, kila nikianza kuchapa, inaniambia nilipie. Nimeifuta, bado ipo." Ilikuwa programu ya kukinga virusi, ya majaribio, iliyokuja na mashine tangu dukani. Muda wake ulishapita, lakini ilijiwasha kila asubuhi na kula memori.

Hilo neno "nimeifuta" ndilo lililonishtua. Alikuwa ameingia kwenye Program Files na kufuta folda. Nakusihi usifanye hivyo. Programu haikai kwenye folda moja tu: ina maandishi yake kwenye rejista ya Windows, na ina huduma zinazojiwasha zenyewe. Faili la kuiondoa nalo mara nyingi limo ndani ya folda hiyo hiyo. Ukilifuta, kitufe cha "Uninstall" kinabaki kwenye orodha lakini hakina cha kuita.

Ujumbe wa kwanza tulioupata ulikuwa na namba 1618. Namba hiyo ina maana moja: kuna usakinishaji mwingine unaendelea. Subiri uishe, kisha bonyeza "Restart". Nasema "Restart" kwa makusudi. Kwenye Windows 10 na 11, kama Fast Startup imewashwa, "Shut down" huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha ukiwasha, kwa hiyo kilichokwama jana kinaweza kuamka nacho. Watu wengi wanaoniambia wamezima na kuwasha mara tatu hawajaifanya mashine ianze upya hata mara moja.

Baada ya hapo nilikosea mimi. Niliingia Safe Mode, nikabonyeza "Uninstall", nikaambiwa huduma ya Windows Installer haipatikani. Nilitafuta ubovu kwa nusu saa. Hapakuwa na ubovu: huduma hiyo kwa kawaida haiwaki ndani ya Safe Mode.

Kilichotusaidia ni kifaa maalumu cha kuondolea. Watengenezaji wengi wa programu za kukinga virusi wana kifaa kama hicho, bure, kwenye tovuti zao wenyewe. Kipakue huko huko. Tovuti nyingine zinazokitoa hukifunga pamoja na takataka mpya, na bando lako linaishia humo. Hiki, tofauti na kitufe cha kawaida, tulikiendesha ndani ya Safe Mode, kikasafisha hadi mabaki ya folda iliyofutwa. Kama mtengenezaji hana kifaa hicho, sakinisha upya programu ile ile juu ya mabaki, halafu iondoe kwa njia ya kawaida. Inaonekana kama kurudi nyuma, lakini inarudisha faili lililopotea.

Ukikutana na 2502 au 2503, hiyo kwa kawaida ni ruhusa: akaunti yako hairuhusiwi kuandika kwenye folda ya Temp iliyo ndani ya Windows. Fungua "Properties" zake, nenda "Security", ipe akaunti yako ruhusa kamili.

Usifunge mashine kabla ya kuangalia kilichobaki. Mwaka 2015 ilibainika kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo zilikuwa zimeuzwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Walioiondoa kwa njia ya kawaida walibaki na cheti chake ndani ya Windows, na cheti hicho kiliweza kumsaidia mhalifu kuingilia mawasiliano ya benki. Ilibidi kiondolewe peke yake.

Kwa mwalimu nilifungua Windows Security kuhakikisha kwamba Defender imeshika zamu, maana asingeweza kubaki bila kinga yoyote. Ilikuwa imewaka yenyewe. Akachapa swali la kumi na nane pale pale kwenye benchi langu, na nyuma ya andalio lake la somo akaandika kwa kalamu nyekundu: 1618, subiri, Restart.