Muhogo Mchungu na Miguu

Huku Ufipa juu tunakula ugali wa ulezi na wa mahindi. Wenzetu wa kando ya Ziwa Tanganyika hula muhogo. Lakini njaa ikija, muhogo hupanda mlima.

Mwaka 1985 ukame uliingia Tarime. Muhogo mchungu ndio uliobaki. Watu hawakungoja sumu itoke. Waliutengeneza upesi wakaula. Baadhi yao, hasa wanawake na watoto, walikaza miguu ghafla. Hawakupona.

Si uchawi, wala hauambukizi. Ugonjwa huo huitwa konzo. Sumu ya muhogo hudhuru chembe hai za ubongo zinazoamuru miguu. Chembe hizo zikifa, hazioti tena.

Loweka muhogo mchungu siku tatu, ulainike. Kisha uanike ukauke kabisa. Ule kwa maharage au dagaa. Huusaidia mwili kuishinda sumu iliyosalia.