Gari Kuukuu la Zimamoto: Somo la Pampu na Maji

Ukiliona gari la zimamoto la zamani, macho huvutwa na rangi nyekundu na kengele ya shaba. Lakini moyo wa gari hilo ni pampu, na jinsi pampu inavyofanya kazi ni jambo linalomhusu kila mkazi wa Kwale, hasa anayeishi chini ya paa la makuti.

Lilikotoka

Zamani watu walizima moto kwa kupokezana ndoo. Mwaka 1672, mjini Amsterdam, Jan van der Heyden alianza kutumia bomba la ngozi lililounganishwa na pampu ya mkono. Mwaka 1829 pampu ya mvuke iliyovutwa na farasi ilitengenezwa London. Mwaka 1904 mji wa Finchley, Uingereza, ulipata gari la Merryweather lililoendeshwa na kusukuma maji kwa injini ya petroli.

Linavyofanya kazi

Pampu huondoa hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje husukuma maji yapande. Kwa hiyo ina kikomo: kazini, maji hupanda kama mita 7 tu. Kisima cha mita 15 hakilisaidii gari lililoegeshwa juu yake, hata likiwa jipya. Bwawa la kuogelea la hoteli lililo karibu laweza kusaidia zaidi.

Tangi nalo huisha upesi. Lita 5,000 zikitoka kwa kasi ya lita 1,000 kwa dakika, zitatosha dakika 5.

Kulifufua

Fundi mzuri huanza na pampu na breki. Rangi huja mwisho. Hukagua kutu na sili za mpira zilizokauka. Breki za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, basi zisipulizwe wala kupigwa msasa ovyo. Hapa pwani, pampu iliyovuta maji ya bahari lazima isafishwe kwa maji matamu, la sivyo chumvi huila. Gari lililofufuliwa lifae maonyesho na mafunzo shuleni. Moto uachiwe magari ya kisasa.

Wajibu wetu

Kwa Katiba ya 2010, huduma za zimamoto ni jukumu la kaunti. Hata hivyo, makuti hushika moto haraka na upepo hurusha cheche hadi paa la jirani. Mkazi, fanya haya leo:

1. Pima kina cha maji kisimani mwako, uwajulishe majirani.
2. Usizibe njia ya kuingilia kwa magari, mawe wala mbao.
3. Moto ukitokea, toa watu nje kwanza, kisha piga 999 au 112. Taja kijiji na alama iliyo karibu, kama msikiti, kanisa au shule.