Tarehe Ikifika, Badilisha: Kutunza Mashine ya Kuchuja Maji (RO) Nyumbani

Kwa kaya za Arusha, Arumeru na kokote kwenye maji yenye floridi

KWA NINI TUMEANDIKA KIJITABU HIKI

Kila kliniki ya watoto tunaona jambo lilelile. Mtoto anafungua kinywa, meno ya mbele yana madoa ya kahawia, mengine yameanza kumeguka kingo. Ukimuuliza mzazi mtoto anakunywa maji gani, anajibu bila wasiwasi: "Sisi tuna mashine."

Kweli wanayo. Iko chini ya sinki, imenunuliwa kwa fedha nyingi, na tangu siku fundi alipoifunga hakuna aliyeigusa. Ukifungua kopo la kwanza unakuta filta iliyokuwa nyeupe imekuwa na rangi ya udongo, na ukiishika inateleza. Maji yanatoka meupe kabisa. Mtoto anayanywa pamoja na floridi yake.

Inauma, kwa sababu wazazi hawa walijinyima wakanunua mashine ili mtoto apone. Kilichokosekana ni jambo moja tu, nalo tutalirudia hadi ulikariri:

ANDIKA TAREHE. TAREHE IKIFIKA, BADILISHA.

FLORIDI HAIONEKANI

Huwezi kuijua kwa macho, wala kwa pua, wala kwa ulimi. Maji meupe yanaweza kuwa nayo tele.

Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inabaki palepale, na maji yaliyosalia yanakuwa makali zaidi. Dawa ya klorini nayo inaua vijidudu tu, floridi haiigusi.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Visima, mito na chemchemi nyingi kuuzunguka Mlima Meru vimepita kiwango hicho kwa mbali. Watu wa Ngarenanyuki, Maji ya Chai na Oldonyosambu wanalijua hili kwa kuliona katika familia zao.

Jino la mtoto linaharibika likiwa bado ndani ya ufizi. Likishaota na doa, hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayolitoa doa hilo. Kwa hiyo miaka 8 ya kwanza ya mtoto ndiyo ya kulinda kuliko yote. Na anayeendelea kunywa maji yenye floridi nyingi kwa miaka mingi, floridi inajikusanya kwenye mifupa: miguu inapinda, mgongo na viungo vinakakamaa.

MASHINE INA NINI NDANI

Makopo ya mwanzo yana filta za kuzuia mchanga na tope, kisha filta za mkaa zinazoondoa klorini na harufu. Baada ya hapo kuna bomba la plastiki lililolala, lenye filta kuu ambayo mafundi huiita membreni. Hii ndiyo pekee inayozuia floridi. Maji yaliyochujwa yanaingia kwenye tanki dogo, yanapita filta ya mkaa ya mwisho, yanatoka kwenye koki. Maji mengine, yanayobaki na floridi iliyozuiwa, yanatoka kwa mpira wa pembeni na kutupwa.

Filta za mwanzo zinailinda membreni. Tope likipita, membreni inaziba. Mkaa ukichoka, klorini ya bomba inapita na kuila membreni. Ukichelewesha filta ya bei ndogo, unaua filta ya bei kubwa, na mashine haitapiga kelele kukuambia.

Tuchukue mfano. Kisima chako kina miligramu 10 za floridi kwa lita. Membreni nzima ikizuia sehemu 9 katika 10, mtoto anabaki na miligramu 1. Membreni iliyochoka ikizuia nusu tu, mtoto anakunywa miligramu 5. Koki ni ileile, glasi ni ileile, maji ni meupe vilevile.

TAREHE

Hii ndiyo sehemu kuu ya kijitabu. Ukisoma hii tu, umesoma vya kutosha.

Filta ya tope: kila baada ya miezi 6. Kama unatumia maji ya kisima au mto, au kama simtanki lako lina tope chini, kila baada ya miezi 3.
Filta za mkaa za mwanzo: kila baada ya miezi 6.
Filta ya mkaa ya mwisho: kila mwaka.
Membreni: kila baada ya miaka 2, au mapema zaidi vipimo vikionyesha imechoka.

Kama kitabu cha mashine yako kinataja muda mfupi kuliko huu, fuata kitabu.

Siku fundi anapoweka filta, kabla hajafunga mkoba wake, chukua kalamu ya wino mzito na kipande cha plasta. Andika tarehe ya leo na tarehe ya kubadilisha. Bandika juu ya kopo. Andika tena kwenye karatasi iliyo mwisho wa kijitabu hiki, ibandike jikoni mahali ambapo kila mtu anapita. Weka na ukumbusho kwenye simu.

Usiseme "nitakumbuka." Miezi 6 ina ada za shule, kilimo, misiba na sherehe. Hakuna anayekumbuka.
Usiseme "maji bado matamu." Floridi haina ladha ya kukuonya.
Usiseme "bado yanatoka kwa kasi." Membreni iliyotoboka hutoa maji kwa kasi nzuri sana.
Usiioshe filta ya tope na kuirudisha. Usiianike juani na kuirudisha. Ni ya kutupa.
Usingoje fundi akupigie. Mpigie wewe.
Anza kuweka akiba ya filta mapema, kidogo kidogo kila mwezi, ili tarehe isikukute mkono mtupu.

Andika tarehe. Tarehe ikifika, badilisha.

KUPIMA

Kuna kipimo kidogo cha mfukoni, chenye umbo la kalamu, kinachoonyesha wingi wa chumvi na madini kwenye maji. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maji. Kila mwezi pima maji yanayoingia kwenye mashine, kisha yanayotoka, na uandike namba zote mbili.

Maji yanayoingia yakisoma 600 na yanayotoka 40, membreni ni nzima. Yanayotoka yakifika 120, yaani moja ya tano ya yanayoingia, membreni imechoka hata kama tarehe haijafika. Ibadilishe. Kama mashine yako ina filta ya kurudisha madini, mwambie fundi apime kabla ya filta hiyo, la sivyo namba itakudanganya.

Kipimo hiki hakioni vijidudu, na hakisomi floridi peke yake. Kwa floridi, peleka maji maabara ya ubora wa maji mara moja kwa mwaka: ya kisima kwenye chupa moja na ya mashine kwenye chupa nyingine. Kituo cha kuondoa floridi cha Ngurdoto kilianzishwa kwa ajili ya shida hii hii. Uliza huko namna ya kuiondoa.

SIKU YA KUBADILISHA

Osha mikono kwa sabuni.
Chomoa pampu kwenye umeme, pamoja na taa ya kuua vijidudu kama mashine yako inayo. Usifungue kopo lolote ukiwa umesimama kwenye maji na waya uko kwenye soketi.
Funga koki ya maji yanayoingia. Fungua koki ya kunywea hadi maji ya tanki yaishe.
Fungua makopo kwa spana yake ya plastiki. Weka beseni chini.
Osha makopo kwa sabuni ya vyombo na kitambaa kipya laini. Usitumie steli waya, inakwaruza, na uchafu hukaa kwenye mikwaruzo.
Angalia mpira wa duara wa kila kopo. Ukiwa umepasuka au umelegea, weka mpya. Usiupake vaselini wala mafuta ya kupikia. Tumia grisi ya silikoni.
Weka filta mpya bila kushika sehemu inayopitisha maji.
Fungua maji, ukague kila kiungo kama kinavuja. Kagua tena jioni.
Maji ya kwanza huja na vumbi jeusi la mkaa. Yamwage. Kama umeweka membreni mpya, mwaga tanki zima la kwanza na la pili.
Andika tarehe.

KUUA VIJIDUDU KWENYE MASHINE

Fanya mara moja kwa mwaka, au mwite fundi afanye ukiwa umesimama naye. TOA KWANZA MEMBRENI NA FILTA ZOTE. Jiki ikigusa membreni, imekwisha. Weka kijiko kimoja cha chai cha jiki isiyo na manukato kwenye kopo la kwanza, rudisha makopo matupu, fungua maji hadi harufu ya jiki isikike kwenye koki ya kunywea. Funga, acha nusu saa. Kisha mwaga na ujaze tena hadi harufu iishe kabisa. Ndipo urudishe filta.

CHOMBO CHA KUHIFADHIA

Maji ya RO hayana klorini ya kuyalinda, kwa hiyo jagi chafu linayachafua mara moja. Tumia chombo chenye mfuniko na koki, kioshe kila siku, na usichote kwa kikombe.

MAHALI PA KUIWEKA

Kivulini. Jua likipiga kwenye makopo yanayopitisha mwanga, ukijani unaota ndani. Mpira wa maji yanayotupwa usiuzamishe kwenye bomba la maji taka. Acha nafasi ya hewa kati yake na bomba, ili uchafu usirudi juu.

Maji ya simtanki la kwenye mnara peke yake hayana nguvu ya kutosha kupenya membreni. Hakikisha pampu inafanya kazi.

MAJI YANAYOTUPWA

Yana floridi nyingi kuliko ya kisima. Dekia, mwagia chooni. Usinywe, usipikie, usimpe ng'ombe wala mbuzi.

UJI, CHAI NA UGALI

Floridi inaingia pia kwa chakula. Maji ya mashine ni ya kunywa NA ya kupikia, kwanza kabisa uji wa mtoto na maziwa ya kukoroga.

MAGADI

Magadi ya kulainishia makande na maharage yana floridi. Loweka maharage usiku kucha, uache magadi.

UKISAFIRI

Ukikaa zaidi ya wiki mbili, funga maji, chomoa umeme. Ukirudi, mwaga tanki zima kabla mtu hajanywa. Angalia tarehe, huenda imepita ukiwa njiani.

NENDA KITUO CHA AFYA

Mtoto akiharisha na kutapika: mpe ORS, mpeleke siku hiyo hiyo, na umweleze mhudumu maji mnayotumia.
Meno ya mtoto yakiota na madoa meupe kama chaki au ya kahawia: mpeleke, na siku hiyo hiyo ukague tarehe za filta. Meno mengine bado yako ndani ya ufizi, na hayo yanaweza kuokolewa.

KARATASI YA KUBANDIKA JIKONI

Filta ya tope: imewekwa ............ ibadilishwe ............
Mkaa wa kwanza: umewekwa ............ ubadilishwe ............
Mkaa wa pili: umewekwa ............ ubadilishwe ............
Membreni: imewekwa ............ ibadilishwe ............
Mkaa wa mwisho: umewekwa ............ ubadilishwe ............
Kipimo cha mwezi: yanayoingia ............ yanayotoka ............
Kipimo cha floridi maabara: tarehe ............ jibu ............
Simu ya fundi: ............
Mwenye jukumu la tarehe katika nyumba hii (andika jina la mtu mmoja): ............