Kumdai muuzaji wa gari lililotumika lenye kasoro: hatua kwa hatua, kwa wanunuzi wa Kalemie

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua gari lililotumika kwa mfanyabiashara wa mjini Kalemie, akafika nalo nyumbani, Piana-Mwanga au kwingineko, kisha likaonyesha ugonjwa ambao hakuambiwa. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Anayetengeneza kwanza na kudai baadaye huharibu ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Kama ulinunulia Kigoma, sheria inayohusika ni ya Tanzania na mwongozo huu haukufai.

Maneno manne yatatumika kwa maana moja tu. Muuzaji ni mtu au duka lililopokea pesa yako. Kasoro iliyofichika ni ubovu uliokuwemo siku ya mauzo, usioonekana kwa macho ya mnunuzi makini, unaolifanya gari lisifae kwa kazi yake au lipungukiwe sana. Barua ya madai ni ile ambayo mawakili wetu huiita mise en demeure. Jalada ni bahasha moja yenye karatasi zako zote.

Haki yenyewe imo katika Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai ya Kongo, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, kuanzia kifungu cha 318. Sheria hiyo haitaji idadi ya siku. Inasema mnunuzi ashtaki ndani ya muda mfupi, kulingana na aina ya kasoro na desturi ya mahali. Kwa hiyo hesabu siku tangu ulipogundua kasoro, wala usingoje mwezi uishe.

1. Simamisha gari. Zima injini na uliache hapo lilipo, au livutwe kwa kamba hadi mahali penye kufuli. Andika kwenye daftari tarehe, saa, mahali na namba ya kilometa. Usibadilishe kifaa chochote, usiongeze oili, usimruhusu fundi wa jirani "aangalie kidogo". Hakikisho: namba ya kilometa ya leo na ya siku ya kupimwa gari zilingane, au tofauti yake iwe na maelezo yaliyoandikwa.

2. Piga picha. Tumia simu yenye tarehe sahihi. Picha zisizopungua 8: pande nne za gari, dashibodi swichi ikiwa imewashwa, injini kutoka juu, namba ya chesisi, na sehemu yenye ubovu. Kama kuna mlio au moshi, chukua video ya dakika 1. Hifadhi nakala kwenye kadi ya kumbukumbu au simu ya pili kabla ya kulala.

3. Kusanya karatasi. Zinazotakiwa ni: fakture au hati ya mauzo, risiti ya malipo, carte rose (kadi ya usajili wa gari), karatasi za forodha za DGDA, na ujumbe wote wa simu uliotumiana na muuzaji. Kama ulilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, toa orodha ya miamala. Usidharau ujumbe wa WhatsApp: sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi.

Soma fakture polepole. Tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni namba ya RCCM (rejista ya biashara), inayoonyesha ni nani hasa wa kushtakiwa. Jina lililopakwa rangi ukutani si lazima liwe jina la mwenye duka kisheria. Cha pili ni maneno "vendu en l'état" (limeuzwa jinsi lilivyo) au "vu et accepté" (limeonwa na kukubaliwa). Muuzaji atayashika maneno hayo kama ngao. Kweli, kifungu cha 320 kinamruhusu kuondoa dhamana, lakini kwa kasoro ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Kama aliijua, ngao hiyo haimkingi. Ndiyo maana hatua inayofuata inatafuta mambo mawili: ubovu, na dalili kwamba ulijulikana.

4. Pima kasoro. Tafuta fundi asiye na undugu wala biashara na wewe au na muuzaji. Mwalike muuzaji kwa maandishi, siku 2 kabla, aje kushuhudia. Asipokuja, mwaliko wenyewe unaingia kwenye jalada. Fundi afanye vipimo hivi, injini ikiwa baridi mwanzoni:

a) Afungue kifuniko cha oili. Utando wa rangi ya chai ya maziwa upande wa ndani ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Safari fupi za asubuhi huweza kuleta utando mwepesi kama huo bila ubovu wowote, kwa hiyo achomoe pia kijiti cha oili. Oili ya kwenye kijiti ikiwa na rangi hiyohiyo, gasketi ya kichwa cha injini inashukiwa.

b) Afungue rejeta, injini ikiwa bado baridi, kisha awashe. Mapovu yanayopanda bila kukoma yanathibitisha shaka ya kipimo cha (a).

c) Apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji na aandike namba zote. Kwa injini nyingi za petroli za Toyota, tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1.

d) Awashe swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Taa isiyowaka kabisa mara nyingi imechomolewa balbu au kuzibwa kwa nyuma. Afungue dashibodi mbele ya mashahidi na kupiga picha. Utepe mweusi uliobandikwa juu ya balbu hauji wenyewe. Kuna mtu aliyeijua kasoro akaificha, na picha hiyo ina uzito zaidi kuliko maneno mengi ya mahakamani.

e) Alinganishe kilometa. Gari lililotoka Japani husafiri na cheti cha kufutiwa usajili kwa ajili ya kuuzwa nje, na humo huandikwa kilometa za ukaguzi wa mwisho. Dashibodi ikionyesha pungufu ya cheti, mita imerudishwa nyuma.

f) Ainue mazulia na kukagua reli za viti. Tope kavu na kutu mpya ni alama za gari lililozama. Kwa mji uliopatwa na mafuriko ya ziwa na ya mto Lukuga, kipimo hiki kisirukwe.

Ripoti iandikwe siku hiyohiyo: jina la fundi, namba ya chesisi, kilometa, vipimo, gharama ya kutengeneza, sahihi. Kumbuka kifungu cha 319: kasoro inayoonekana hailipwi. Usukani wa kulia, matairi yaliyolika na kioo kilichopasuka uliviona ukanunua.

5. Chagua dai moja. Kifungu cha 321 kinakupa njia mbili: kurudisha gari na kurudishiwa bei yote, au kubaki nalo na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji ambaye hakujua kasoro hurudisha bei na gharama za mauzo. Aliyejua huongezwa fidia ya hasara. Maoni yangu: gharama ya matengenezo ikivuka nusu ya bei, rudisha gari. Usidai yote mawili kwa pamoja.

6. Andika barua ya madai. Andika kwa Kifaransa, lugha ya karatasi za mahakama, na uambatanishe tafsiri ya Kiswahili ili muuzaji asiseme hakuelewa. Barua iwe ukurasa 1, na isiwe na tusi wala tishio. Mfano wa kiini chake:

"Tarehe … uliniuzia gari aina ya …, chesisi namba …, kwa dola …. Tarehe … nimegundua kasoro zilizotajwa katika ripoti iliyoambatanishwa. Kwa mujibu wa vifungu 318 na vinavyofuata, naomba unirudishie dola … ndani ya siku 8 tangu kupokea barua hii. Gari liko … na unaweza kulikagua. Siku hizo zikipita, nitakwenda mahakamani."

Hakikisho: namba ya chesisi katika barua, ripoti na carte rose ziwe sawa, herufi kwa herufi.

7. Kabidhi barua. Peleka nakala 2. Muuzaji aweke tarehe na sahihi kwenye nakala yako. Akikataa, usibishane. Mpe huissier, ofisa wa mahakama anayekabidhi hati, naye ataandika kwamba imefika.

8. Kutana naye mara moja. Kikao kiwe mbele ya chef wa avenue au wa mtaa na mashahidi 2. Mkikubaliana, andikeni kiasi, tarehe za malipo na adhabu ya kuchelewa, kisha wote muweke sahihi. Usikabidhi gari wala funguo kabla ya kuhesabu pesa.

9. Fungua kesi. Dai lisilozidi franga za Kongo 2 500 000 huenda mahakama ya amani (tribunal de paix). Lililozidi, na magari mengi huzidi, huenda Tribunal de grande instance ya Kalemie. Nenda ofisi ya karani (greffe) na jalada, lipa amana ya gharama na udai risiti. Kati ya kukabidhiwa wito na siku ya kusikilizwa lazima zipite siku 8, na siku 1 zaidi kwa kila kilometa 100. Omba mahakama iteue mtaalamu wake. Kama huna pesa ya wakili, uliza ofisi ya ushauri wa bure ya chama cha mawakili.

Parquet (ofisi ya mwendesha mashtaka) ni njia nyingine, kwa utapeli tu: kifungu cha 98 cha sheria ya jinai, pale muuzaji alipotumia hila au jina la uongo ili alipwe. Kurudisha mita nyuma kunaweza kufikia hapo. Gasketi iliyoungua peke yake haifiki. Usimtumie polisi kama mkusanya madeni. Utalipa gharama zake, na bei ya gari haitarudi.

10. Fuatilia hukumu. Omba nakala ya hukumu, mpe huissier aikabidhi kwa muuzaji, na utunze hati ya makabidhiano kwenye jalada. Kuanzia tarehe hiyo muuzaji ana siku 30 za kukata rufaa.