Baragumu kwenye beji ya KAR

SWALI: Beji ya shaba ya askari wa zamani, yenye pembe na namba 3, ina maana gani? (Msomaji, Chepseon, Kericho)

JIBU: Pembe hiyo ni baragumu, alama ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni lililoundwa 1902. Uingereza iliwapa alama hiyo askari wa bunduki waliopigana wakiwa wametawanyika: ngoma ni mzigo porini, ila mlio wa baragumu hufika mbali. Namba hutaja batalioni. Ya 3 ilitokana na East Africa Rifles ya Mombasa. Kwenye tarbushi, vikosi vyenye Waislamu wengi viliandika namba kwa tarakimu za Kiarabu, vingine kwa za Kirumi. Heshima ndogo, lakini ya busara.

Alama ya kifaru, ambayo pia huonekana kwa askari hao wa zamani, ni habari nyingine. Kichwa chake kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944. Wakipsigis na Wanandi wengi walitumikia KAR, hivyo masalio haya si ajabu Kericho.

Baada ya uhuru wa Kenya wa 1963, batalioni ya 3 iliitwa 3 Kenya Rifles. Mwenye beji asiisugue. Atapunguza thamani yake.