Kupunguza Teke la Bunduki: Namna ya Kupima Ahadi ya Muuzaji

Kila msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia hapa Marekani, maduka ya silaha na wauzaji wa mtandaoni huzidisha matangazo ya vifaa vya kupachika kwenye bunduki. Ahadi moja hurudiwa mno: kwamba kifaa fulani hupunguza teke la bunduki, yaani msukumo unaoipiga bega risasi inapotoka, kwa asilimia hamsini, sitini au hata zaidi. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wasomaji wetu wanaomiliki kihalali bunduki inayojipakia yenyewe, ile inayotupa ganda na kuingiza risasi nyingine baada ya kila mvuto wa kifyatulio, na ambao wangependa kuipima ahadi hiyo kabla ya kutoa fedha.

Tuseme mapema kwamba ahadi ya namna hii yaweza kuwa ya kweli kwa hesabu na bado ikampotosha mnunuzi. Aidha, mnunuzi asidhani kwamba kuna chombo cha serikali kilichokwisha kumfanyia upimaji. Sheria ya mwaka 1972 iliyounda Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji iliziweka bunduki na risasi nje ya mamlaka ya tume hiyo. Kinachobaki ni sheria za matangazo: Tume ya Biashara ya Shirikisho humtaka mtangazaji awe na ushahidi wa madai yake kabla ya kuyatangaza. Kwa hiyo mnunuzi anayeuliza, "Mmepimaje?", anauliza swali ambalo muuzaji anapaswa kuwa na jibu lake.

Asilimia ya kitu gani?

Tuchukue mfano wa bunduki ya risasi aina ya .308 yenye uzito wa kilo 4. Risasi yake ina uzito wa karibu gramu 9.7, nayo hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 860 hivi kwa sekunde. Nyuma yake hufuata karibu gramu 3 za baruti iliyogeuka gesi, ambayo huchomoka kwa kasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Ukijumlisha misukumo hiyo miwili, bunduki hurudi nyuma kwa kasi ya takriban mita 3 kwa sekunde, na nishati ya teke lake ni juli 18 hivi. Katika msukumo huo, karibu sehemu 70 kwa mia hutokana na risasi, na sehemu 30 hutokana na gesi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Hakuna kifaa cha kufungwa kwenye mdomo wa mtutu kinachoweza kuigusa sehemu ya risasi. Breki ya mtutu, ambayo ni kipande cha chuma chenye matundu ya kando, hushughulika na gesi tu: huizuia isichomoke mbele moja kwa moja, ikaielekeza pembeni na mara nyingi nyuma kidogo.

Tuseme breki imefuta kabisa msukumo wa gesi. Kasi ya kurudi nyuma itashuka kutoka mita 3.0 hadi mita 2.1 kwa sekunde, yaani asilimia 30. Lakini nishati hufuata mraba wa kasi. Itashuka kutoka juli 18 hadi 8.8, yaani asilimia 51. Jaribio ni moja, bunduki ni moja, na namba zote mbili ni za kweli. Muuzaji atachapisha ipi? Hatujawa na shaka juu ya jibu. Breki inayotupa gesi nyuma kwa nguvu yaweza kupunguza zaidi ya hapo, kwa sababu gesi hiyo huivuta bunduki mbele, ila manufaa hayo yana gharama yake, nayo tutaifikia.

Bunduki ndogo za risasi ya 5.56, ambazo ndizo hununuliwa sana, zina teke la juli 5 hivi. Nusu ya juli 5 ni tofauti ambayo mwanamashindano anayelenga shabaha nyingi kwa haraka huitambua. Kwa maoni yetu, mwindaji au mpiga shabaha wa kawaida mwenye bunduki kama hiyo hapati kwenye breki kitu cha maana isipokuwa kelele.

Jaribio linalostahili kuaminiwa

Maabara huitundika bunduki kwa kamba au nyaya za urefu sawa ili ibembee, au huiweka juu ya kitoroli kwenye reli, kisha huifyatua kutoka mbali na kupima imerudi kwa kasi gani. Hili si jambo la kujaribiwa nyumbani. Msomaji anachohitaji ni kujua maswali ya kuuliza.

Je, bunduki iliyopimwa bila kifaa na ile iliyopimwa na kifaa ni moja, na risasi zilitoka kwenye shehena moja ya kiwandani? Zilipigwa risasi ngapi? Je, uzito ulisawazishwa? Swali hili la mwisho husahauliwa, nalo lina uzito wa kweli. Kuongeza nusu kilo ya chuma chochote kwenye bunduki yetu ya kilo 4 hupunguza nishati ya teke kwa asilimia 11, hata chuma hicho kisipofanya kazi nyingine yoyote. Kifaa kizito kilichopimwa bila kusawazisha uzito kinajisifia uzito wake.

Halafu kuna bega. Mto wa mpira unaofungwa kwenye kitako haupunguzi msukumo hata chembe. Hurefusha muda ambao msukumo huo hupokewa, ndipo kilele cha nguvu kikashuka. Kwenye bembea ya maabara mto huo waweza kuonekana hauna faida, ilhali mwenye bega anajua kwamba unayo. Kinyume chake pia hutokea: breki hufaulu vizuri kwenye bembea, lakini mpigaji akasema bunduki imekuwa kali zaidi, maana mshindo na wimbi la hewa usoni humtisha kuliko teke lilivyokuwa likimtisha.

Kwa hiyo jaribio ambalo mnunuzi mwenyewe aweza kulifanya, akiwa kwenye uwanja wa shabaha wenye msimamizi na akiwa ameazima kifaa kabla ya kukinunua, ni lile la risasi bandia. Mwenzake huchanganya kwenye magazini risasi za kawaida na risasi bandia mbili au tatu zisizo na baruti wala fataki, bila kumwambia mpigaji zimekaa wapi. Risasi bandia ikifika, kifyatulio hulia tu na bunduki haitikisiki. Mdomo wa mtutu ukiinama wakati huo, mpigaji ameshtuka kabla ya wakati, na ni mshtuko huo unaoharibu shabaha. Jaribio lirudiwe likiwa na kifaa na likiwa bila kifaa, kwa kupokezana, na mwenzake ahesabu. Mtu anayeshtuka sawasawa katika hali zote mbili hajanunua chochote. Kwa kuwa mpigaji hajui kama mlio ule ni wa risasi bandia au ni wa risasi ya kweli iliyochelewa kulipuka, aendelee kuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua chemba. Sharti hilo halina msamaha.

Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Bunduki ya kivita au ya kuwindia hutoa mshindo wa karibu desibeli 160 kwenye sikio la mpigaji. Kiwango cha juu ambacho kanuni za usalama kazini hapa Marekani hukitaja kwa sauti za ghafla ni desibeli 140. Gesi iliyokuwa ikienda mbele sasa hutupwa kando na nyuma, na kwa kawaida breki huongeza desibeli kadhaa masikioni. Namba hizo haziongezeki kama shilingi au dola: desibeli 6 za ziada ni maradufu ya shinikizo la sauti.

Vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti havioti tena vikishakufa, na mshindo mmoja wa kiwango hiki unaweza kutosha kuviua. Anayepiga shabaha uwanjani ana vizibo na vifuniko vyake. Anaweza kuvivaa vyote viwili pamoja, jambo ambalo kwa kawaida huongeza kinga ya desibeli 5 hivi juu ya ile ya kifaa kimoja kilicho bora. Lakini mwindaji aliyekaa porini tangu alfajiri akisikiliza majani mara nyingi huwa masikio wazi. Pengine kando yake ameketi mwanawe, umbali wa mkono mmoja, mahali ambapo gesi hutupwa. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba breki ya mtutu kwenye bunduki ya kuwindia iwe uamuzi wa mwisho, baada ya mto wa kitako, baada ya kitako chenye urefu unaolingana na mkono wa mpigaji, na baada ya kujaribu risasi yenye nguvu ndogo.

Kufunga na kufanya kazi

Hesi za skrubu kwenye mtutu hazithibitishi kwamba tundu la kifaa linaipisha risasi. Mitutu mingi ya .223 na baadhi ya mitutu ya milimita 9 ina hesi za kipimo kimoja, nusu inchi yenye mizunguko 28 kwa inchi. Breki ya .223 huingia vizuri kwenye mtutu wa milimita 9, na risasi ya kwanza huipasua. Kipimo cha risasi kisomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye kisanduku, na ufungaji ufanywe na fundi wa bunduki anayehakikisha kwamba tundu limenyooka na mtutu. Baada ya hapo bunduki ilengwe upya, kwani uzito mpya mdomoni huhamisha mahali risasi inapopiga.

Katika bunduki zinazojipakia kuna pia vizito vinavyowekwa ndani ya kitako ili kupunguza mwendo wa chemba kurudi nyuma. Kwenye bunduki za muundo wa AR-15 kizito cha kawaida huwa na gramu 85 hivi, na kizito zaidi hufikia gramu 155 hivi. Kikizidi mno, chemba haifiki nyuma, ganda hukwama, na risasi inayofuata haiingii. Mnunuzi ajaribu magazini kadhaa kwa risasi anazozitumia kweli kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.

Jina halimfungi hakimu

Sheria huangalia kifaa kilivyo na kinachofanya. New York, kwa sheria ya mwaka 2013, huihesabu breki ya mtutu miongoni mwa sifa zinazoifanya bunduki inayojipakia yenye magazini ya kutoka kuwa silaha iliyopigwa marufuku. California haiitaji breki katika orodha yake, bali hutaja kificha mwako, na kuna vifaa vinavyouzwa kwa kudai kufanya kazi zote mbili. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Boston ilikubaliana na idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ATF, kwamba kifaa ambacho mtengenezaji alikiita breki kilikuwa sehemu ya kizuia sauti, na vizuia sauti husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1934. Vitako vinavyoteleza, ambavyo hulitumia teke kufyatua mfululizo badala ya kulipunguza, viliondolewa katika marufuku ya shirikisho na Mahakama ya Juu mnamo Juni 2024, lakini majimbo kadhaa bado yanavikataza kwa sheria zao wenyewe.

Kwa msomaji aliye hapa kwa viza ya muda, kumiliki bunduki yenyewe kwa kawaida ni kosa la shirikisho isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa leseni halali ya uwindaji. Ashauriane na mwanasheria wa uhamiaji kabla hata ya kufikiria vifaa vya kuongezea.

Mnunuzi aliyeahidiwa asilimia fulani na asiipate ahifadhi risiti, kisanduku, na picha ya tangazo kama lilivyokuwa siku aliyonunua, kwa kuwa matangazo ya mtandaoni hubadilishwa bila taarifa. Kwanza amwandikie muuzaji akiomba matokeo ya upimaji na kutaja kama asilimia hiyo ni ya nishati au ya kasi. Jibu, au ukimya, liambatanishwe na malalamiko yatakayopelekwa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo au kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho.